Dereva anayejua atalipwa usiku huu huu: miaka 16 ya rufaa za wajawazito kutoka zahanati ya kijijini

Mkunga wa Buchosa (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Mimi ni muuguzi mkunga, nipo kwenye zahanati ya kijiji huku Buchosa, mkoa wa Mwanza, tangu 2009. Kuna uzi humu watu walivutana sana kuhusu ubunifu kwenye afya vijijini: droni (ndege ndogo zisizo na rubani), programu za simu, akili mnemba, daktari wa kwenye skrini. Nikaanza kujibu kule, jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi wake. Mnivumilie, naanza mbali kidogo.

Masika ya 2011. Mama wa uzao wa nne alijifungua kwangu saa tatu usiku, mtoto wa kiume, akalia hapo hapo. Kondo likatoka, nikalikagua, limekamilika. Nikamfunika mama, nikageukia rejista kuandika. Nilipomrudia, khanga aliyolalia ilikuwa imelowa chapa. Nikabadilisha. Ya pili ikalowa kabla sijamaliza kufungua dripu. Nikachoma oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, nikaanza kumkanda mji wa mimba, nikamwambia mhudumu asogeze chemli. Mji wa mimba ulikuwa unajikaza nikiukanda na kulegea nikiondoa mkono. Kwa hiyo sikuondoa mkono.

Nje, chini ya dirisha, nilikuwa nasikia watu wanapatana bei ya gari.

Gari la wagonjwa la halmashauri lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Kijijini kulikuwa na Noah moja tu. Mwenyewe alitaka 120,000. Mume alikuwa na 35,000. Shemeji mtu akatoka kwenda kugonga milango ya watu, bibi mmoja akaja na 5,000 aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la khanga yake. Walipofikisha 80,000 mwenye gari akakubali, ndipo ikabidi aamshwe muuza mafuta ya kwenye madumu. Tangu nimwambie mume "tafuta gari" mpaka mlango wa Noah unafungwa, ilipita saa moja na dakika arobaini. Nina uhakika na muda huo kwa sababu niliuandika.

Alifariki njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, hatujafika Sengerema mjini. Yule mtoto sasa yuko sekondari. Tukikutana sokoni ananipa shikamoo kwa adabu kabisa, nami naitika.

Mwenye Noah sikumchukia, na hapa naomba mnielewe vizuri. Kabla ya usiku ule alishabeba wagonjwa wangu wawili kwa ahadi ya "tutakulipa tukivuna", na hakuna aliyemlipa. Gari lilikuwa la mkopo. Mtu wa namna hiyo akiamshwa usiku wa manane na mvua inanyesha, lazima aulize pesa kwanza, na kila dakika anayouliza inatoka kwenye damu ya mgonjwa. Tulifundishwa chuoni kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili hivi. Saa moja na dakika arobaini zilikuwa zimeliwa na mazungumzo ya bei.

Wenzangu wa fani wanayajua machelewesho matatu ambayo Thaddeus na Maine waliyaandika 1994: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. La kwanza tulilipigania kwa elimu ya kliniki. La tatu ni la hospitali. La pili lilikuwa halina mwenyewe. Kila mtu alidhani ni shida ya familia.

Mwaka 2013 yakaanza huku kwetu Sengerema, na baadaye Shinyanga, majaribio ya mfumo ambao leo mnaujua kwa jina la m-mama. Vodafone Foundation na wadau wengine walishirikiana na serikali. Aprili 2022 Rais Samia akauzindua kuwa wa kitaifa, ukasambazwa mkoa kwa mkoa. Kwa wasioujua, unavyofanya kazi ni hivi. Unapiga 115, bure. Anapokea mratibu aliyefundishwa, anakuuliza maswali mafupi ya hali ya mgonjwa yaliyopangwa kwenye kompyuta yake, na majibu yako ndiyo yanaamua mgonjwa aende kituo gani. Anaangalia kama kuna gari la wagonjwa karibu. Kama halipo, anampigia dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyesajiliwa na kukubaliana nauli mapema. Wakati gari linakuja kwako, mratibu anawapigia wanaopokea: mgonjwa fulani anakuja, ana tatizo hili, jiandaeni. Mgonjwa akishakabidhiwa, dereva analipwa kwenye simu yake. Familia haitoi hata senti. Ni kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga wa mpaka siku 28.

Ukiutazama haraka utasema ni namba ya simu tu, kwani simu hatukuwa nazo 2011? Tulikuwa nazo. Niliyekuwa sina ni mtu wa kumpigia ambaye jibu lake litakuwa "nakuja" badala ya "shilingi ngapi". Hilo ndilo lililobadilika. Mtu alikaa chini mchana, bila presha, akapatana bei na dereva kwa niaba ya mgonjwa ambaye bado hajaugua. Ubunifu wote umekaa hapo, na mimi nauheshimu kuliko mashine yoyote niliyowahi kuletewa.

Agosti 2025, saa 7 na dakika 12 usiku, nilipiga 115 kwa ajili ya binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, presha 170 kwa 110, kichwa kinamuuma na anaona nyota nyota. Dalili za kifafa cha mimba hizo. Nilikuwa nimeshamchoma magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, sindano mbili nzito, moja kila tako, zinauma mno, alinishika mkono mpaka kucha zikabaki kwenye ngozi. Saa 7 na dakika 19 dereva akanipigia mwenyewe: "Nesi, niko njia panda ya mnadani, nafungua geti gani?" Saa 7 na dakika 34 tulikuwa tumeondoka. Mratibu akasema tusiishie Sengerema, tuvuke ziwa.

Na hapo kwenye kuvuka niseme jambo. Nimewahi kukaa Busisi na mgonjwa wa rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza mjini, nikisubiri kivuko, nahesabu mapigo yake ya moyo huku naangalia taa za kivuko upande wa Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, tunapita bila hata kupunguza mwendo. Sijasikia mtu akiliita ubunifu wa afya. Kwangu mimi ni chumba cha wagonjwa mahututi kilichojengwa kwa zege.

Binti alijifungua kwa upasuaji alfajiri ile. Wote wako hai.

Nimeleta uzi huu kwa sababu naona tunaanza kuuzoea mfumo, na kitu kilichozoeleka huwa kinanyimwa bajeti kimya kimya. Karibuni wenye uzoefu, madereva, waratibu, akina baba, wa nchi jirani pia.

Dereva Nyehunge

Shikamoo mkunga. Umenigusa, mimi ni mmoja wa hao madereva.

Niongezee kutoka upande wa usukani. Kwanza wanakagua leseni, gari na bima, halafu mnafundishwa: usisimame njiani kubeba abiria, usizime simu, usimkemee mgonjwa. Nalala simu iko kwenye mlio wa juu, mke wangu ameshazoea. Wa kwanza niliyembeba niliendesha miguu inatetemeka. Mama alikuwa anauma kitenge ili asipige kelele, nesi kwa nyuma anasema "baba taratibu kwenye mashimo, ila usisimame". Mambo mawili hayo kwa pamoja ni magumu, ndugu zangu.

Umesema kweli kuhusu malipo. Nitatoa mfano bila kutaja halmashauri. Kuna kipindi malipo yalisimama kama wiki tatu hivi. Hakuna aliyegoma, hakuna aliyeandika barua. Simu tu zikaanza kutopatikana usiku. Madereva tulikuwa tisa eneo letu, wiki ya tatu tuliokuwa tunapokea ni wanne. Hao watano si watu wabaya. Mtu ametia mafuta ya mkopo mara tatu, mara ya nne sheli hawamkopeshi. Malipo yaliporudi, simu zote zikapatikana tena ndani ya siku mbili. Kwa hiyo anayepanga bajeti ofisini ajue: akichelewesha pesa ya dereva, amezima 115 kwenye kijiji fulani, hata kama kule kituoni simu inaita na mratibu amekaa.

Hesabu Kwanza

Mleta uzi, heshima yako. Naomba tuwekane sawa kwenye namba, maana nimeona mitandaoni watu wanaandika kwamba m-mama umepunguza vifo vya uzazi kutoka 556 mpaka 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hizo ni namba za tafiti za kitaifa za afya, ya 2015-16 na ya 2022. Lakini katikati hapo kulijengwa vituo vya afya vingi vyenye vyumba vya upasuaji, wakaajiriwa watumishi, barabara zikafunguliwa. Na mfumo umesambaa kitaifa baada ya 2022, sasa utadai vipi matunda ya miaka ya nyuma yake?

Halafu namba yenyewe inapatikana kwa kuwauliza watu kuhusu dada zao waliofariki, na inaangalia miaka iliyopita. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yanatupa 238. Kati ya 104 na 238 ni mbali. Sipingi mfumo, naogopa sifa za kupitiliza. Siku namba ikipanda, watu hao hao watasema mfumo umeshindwa na kuufuta.

Mkunga wa Buchosa

Hesabu Kwanza, sina ugomvi na wewe, na ndiyo maana sikuiweka namba hiyo kwenye bandiko langu. Vifo vimepungua kwa sababu nyingi, na hicho kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji ndicho dereva anakompeleka mgonjwa. Bila hicho, gari linakimbia kwenda wapi?

Mimi hesabu yangu ni ya rejista ya rufaa ya zahanati moja. Zamani safu ya "muda wa kuondoka" ilikuwa inaachwa wazi au inaandikwa "alfajiri". Sasa inaandikwa saa na dakika. Hiyo nayo ni habari, japo haitoshi kuandikia ripoti ya taifa.

Mswahili wa Rubavu

Salamu kutoka Rwanda. Nawafuatilia kila siku, leo nimeona nichangie.

Huku kwetu droni za kampuni ya Zipline zilianza Oktoba 2016 pale Muhanga, zikabeba damu kwenda hospitali za milimani, baadaye wakafungua kituo cha pili Kayonza. Kwa mtu wa kwenu inaweza kuonekana ni maonyesho, lakini njooni muone vilima vyetu. Hospitali unaiona kwa macho ng'ambo ya bonde, kwa gari unazunguka mpaka uchoke. Utafiti uliochapishwa 2022 ulilinganisha droni na barabara: damu ilifika mapema kwa dakika 79 mpaka 98. Na kuna jambo ambalo watu hawalitaji, damu iliyokuwa inaharibika kwa kupitwa na muda kwenye hospitali hizo ilipungua kwa asilimia 67. Sababu ni kwamba zamani kila hospitali ilikuwa inajirundikia chupa kwa hofu ya kuishiwa, hasa za makundi adimu. Wakishajua damu itafika wakiiomba, hawarundiki tena.

Kwa hiyo mkunga, hoja yako ya dereva ndiyo hiyo hiyo. Uhakika ndio uliobadilisha tabia za watu. Tofauti ni kwamba kwenu uhakika umekuja kwa Noah, kwetu umeshuka na parachuti.

Mjaluba wa Ukerewe

Droni sisi tumeziona. Mwaka 2018 zilikuwa zinaruka kutoka Mwanza kuja huku kisiwani, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, zimebeba dawa. Walikuwa kampuni za DHL na Wingcopter, na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani. Watoto walikuwa wanaikimbilia mpaka inatua. Ilipaa kama ndege inayojua kwao. Majaribio yalikuwa ya miezi sita, yakaisha, zikaondoka, na sisi tukabaki na mtumbwi.

Sisemi kwa uchungu. Vilivyoletwa vilifanya kazi, na waliovileta walisema tangu mwanzo ni majaribio. Ila mtu wa kisiwani anajifunza kuuliza swali moja kila akiletewa jambo jipya: mkiondoka, nani analipia?

Na droni ingeleta dawa, mama haiwezi kumbeba. Nina kisa changu. Mke wangu uchungu ulimshika akiwa kisiwa kidogo alikokwenda kumuuguza mama yake, usiku, ziwa limechafuka. Mtoto alikuja mkono mbele. Mwenye boti ya uvuvi alikubali bila hata kuuliza bei, Mungu ambariki, ila hatukuwa na jaketi la kuokolea hata moja, wala taa zaidi ya tochi ya simu. Mawimbi yanaingia, namzuia mvua kwa turubai la dagaa. Tulitumia karibu saa tatu. Mke wangu alipona. Mtoto hakupona.

Mkunga, kwenye bara mmepata dereva aliyepatana bei mchana. Nahodha wa kupatana naye mchana, mwenye maboya, taa na injini mbili, ndiye tunayemhitaji visiwa vidogo. Injini mbili nasema kwa makusudi. Moja ikizima katikati ya ziwa usiku, umekuwa abiria wa upepo.

Mkunga wa Buchosa

Pole sana kaka yangu. Poleni wewe na mama. Nimesoma bandiko lako mara mbili, nikatoka nje kidogo.

La injini mbili nimeliandika kwenye daftari langu. Tuna visiwa pia huku, Kome na Maisome, na nina kikao cha robo mwaka na watu wa wilaya. Nitalitaja hivyo hivyo ulivyolisema.

Mama Chumvini

Hamjambo wana jamvi. Mimi niko Kenya, kaunti ya Kilifi, ni muhudumu wa afya ya jamii.

Sisi serikali ilituzindua Septemba 2023, wahudumu 100,000 nchi nzima, kila mmoja na simu na mkoba wenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani. Nyumba zangu ni kama mia hivi. Nikiingia boma lenye mja mzito, simu inanikumbusha maswali: amevimba uso? mtoto anacheza? ashawahi kupasuliwa? Nishawahi kumkuta mama presha iko juu kabisa na yuwafua nguo kisimani, yuwasema hajambo. Bila mashine ile ningempita.

Sasa nikiwasoma nyinyi na madereva wenu, nasi yetu ni iyo iyo. Malipo yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya kaunti, nusu ya serikali kuu. Nusu moja ikija na nyengine isije, mwenzangu mmoja huacha kuzunguka nyumba za mbali akabaki za karibu. Simu yake bado iko sawa, programu iko sawa. Miguu ndiyo imepunguza. Na za mbali ndizo zenye shida.

Daktari wa Zamu

Naomba niwapeleke kwenye chelewesho la tatu, maana naona limepitwa haraka na ndiko ninakofanya kazi.

Dereva wa jamii anawahi, mgonjwa anafika, halafu sisi tunachelewa kumwona kwamba anakufa. Namaanisha hivyo. Kwa miaka mingi damu ya baada ya kujifungua tumeikadiria kwa macho. Inamwagika kwenye shuka, kwenye godoro, kwenye sakafu, mkunga anatazama na kusema "kama mililita 300", kumbe ni 700. Tukija kushtuka, presha imeshashuka.

Kuna utafiti unaitwa E-MOTIVE, ulichapishwa 2023, ulifanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa akina mama zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Walichotumia ni mfuko wa plastiki unaolazwa chini ya mama baada ya kujifungua, una mistari ya vipimo. Damu inakusanyika humo, unasoma. Ikifika mililita 500, husubiri kuulizana, unafanya mambo yote kwa mkupuo: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), dripu, kukagua michaniko, na kuita msaada. Zamani tulikuwa tunayafanya moja moja, hili likishindwa tunajaribu lile. Katika hospitali zilizotumia utaratibu huu, tatizo lilitambuliwa kwa asilimia 93 ya waliovuja damu, kulinganisha na 51 kwa zile zilizoendelea na mazoea. Kuvuja damu kwa lita moja na zaidi, kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu, au kufa, kwa jumla vilipungua kwa asilimia 60.

Mfuko wa plastiki wenye mistari. Sijui kama nimewahi kuona kitu rahisi namna hiyo kikifanya kazi kubwa namna hiyo kwenye wodi ya wazazi.

Mkunga wa Buchosa

Dokta, umenirudisha kwenye ile khanga ya 2011. Niliandika "damu nyingi kiasi". Hayo ndiyo maneno yaliyoko kwenye rejista kwa mwandiko wangu. Kama ningekuwa na huo mfuko ningeanza kelele za gari dakika kumi au kumi na tano mapema, khanga ya kwanza haijajaa.

Na niseme ukweli mwingine wa chelewesho la tatu, kwa kituo ambacho sitakitaja. Niliwahi kumfikisha mgonjwa kwa gari la mfumo, mapema kabisa, mratibu amewapigia, wamejibu "leteni". Tulipofika hakukuwa na damu ya kundi lake. Waliopokea simu walisema leteni kwa sababu walikuwa na kitanda na daktari. Hakuna aliyeulizwa kuhusu damu, na wao hawakusema. Mgonjwa alihamishwa tena. Alipona, lakini kwa neema. Tangu siku ile, nikiongea na mratibu, naongeza swali langu mwenyewe: "Tafadhali waulize kama wana damu, na kundi gani." Waratibu wawili watatu sasa wanaliuliza bila mimi kuwakumbusha.

Baba Kijacho

Wakuu, nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba, tuko kijijini, mtandao wa simu ni wa kupanda kichuguu. Mkunga, nifanye nini sasa hivi?

Mkunga wa Buchosa

Hongereni, na umefanya vizuri kuuliza mapema.

Kwanza huko kwenye kichuguu. Jaribu kupiga kwa laini za mitandao tofauti, ujue ni mtandao upi unashika na ni wapi hasa, mchana na usiku. Mwoneshe mtu mwingine wa nyumbani mahali hapo, maana siku ya siku wewe unaweza kuwa safarini. Namba ni 115, watoto wakubwa nao waikariri.

Mpeleke kliniki wiki hii, usisubiri tarehe ya kadi kama kuna lolote linalokutia wasiwasi. Wapime presha, mkojo, wingi wa damu, na mwombe nesi akuambie waziwazi: huyu atajifungulia hapa zahanati, au ni wa kwenda kituo kikubwa? Kama ni uzao wa kwanza, au alishapasuliwa, au ni mapacha, au aliwahi kuvuja damu, jibu linaweza kuwa la pili. Ikiwa hivyo, hameni wiki mbili tatu kabla, mkae kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au muulize kama pana chigonela, nyumba ya kusubiria wajawazito.

Mjue kundi lake la damu, na ndugu wawili wenye kundi linaloingiliana naye wawe wanajulikana na wamekubali.

Akisema kichwa kinamuuma sana na haoni vizuri, akivimba uso, akitokwa damu hata kidogo, maji yakivunjika bila uchungu, au mtoto akiacha kucheza, msisubiri mama mkwe arudi kutoka shamba ndipo muamue. Kubalianeni leo kwamba mwenyewe akisema "twendeni", mmekwenda.

Na mtafute dereva anayeishi karibu nanyi. Muulize kama amesajiliwa kwenye mfumo. Kama hajasajiliwa, mpeleke zahanati waongee naye, huko kwenu huenda hayupo hata mmoja na ndiyo sababu ya kuchelewa siku za usoni.

Nirudie ombi kwa wote. Mwenye kumjua mwenye boti wa Kome au Maisome aliye na injini mbili na yuko tayari kusajiliwa, aniandikie pembeni. Kikao ni wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Niko zamu usiku huu, nikichelewa kujibu mjue kuna mzazi.